Kariakoo siku tatu, walimu miaka sita: hivi serikali inamsikiliza nani?

Binti_Mwalimu ameandika:

Wakuu habari za jioni, nina swali limenikaa kichwani muda mrefu naomba tulijadili kwa utulivu, maana kwangu mimi hili siyo la darasani, ni la nyumbani.

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, kafundisha miaka 35, kastaafu mwanzoni mwa 2025. Ana daftari la kaunta ambalo kava lake lilishachoka, humo ndo anaandikaga mambo yake ya nyumba, na kuna ukurasa mmoja ameupa kichwa "MAFAO". Alianza kuuandika kabla ya 2018, akapiga hesabu ya mkupuo wa nusu, ile 50% ya mafao unayolipwa kwa mara moja ukistaafu, chini yake kaorodhesha mabati, mbao za kupaulia, milango ya mbele na nyuma, na ada ya mdogo wangu wa mwisho. 2018 mifuko ya pensheni ikaunganishwa, kanuni mpya zikaleta 25%. Akakata mstari. Desemba 28 mwaka huohuo Rais Magufuli akakutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi Ikulu, akasema utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023, mama akaandika upya. Julai 2022 ikaja 33%, akakata tena, akaandika ya tatu. Bajeti ya Juni 2024 ikapandisha hadi 40% kwa wale waliokuwa wa nusu, akaandika mara ya nne, safari hii milango haipo kwenye orodha.

Sasa upande wa pili. Mei 2023 mimi nilikuwa nauza kwenye duka la mikoba Kariakoo. Jumatatu tarehe 15 tumefika asubuhi mageti yote chini, mtaa mzima, wafanyabiashara wamegoma kwa mambo ya kodi, watu wamesimama vikundi vikundi hakuna anayefungua, na ukijua Kariakoo unajua ule ukimya unatisha kuliko kelele. Siku hiyohiyo Waziri Mkuu Majaliwa akafika, Jumatano tarehe 17 kikao kikubwa pale Mnazi Mmoja, mawaziri wamekaa wanasikiliza, wafanyabiashara wanapanga foleni kwenye kipaza sauti wanaongea walichonacho moyoni. Kikosi kazi cha kukamata wafanyabiashara kikasimamishwa, usajili wa stoo ukasimamishwa. Siku tatu tu!

Nilifurahi siku ile, sisemi sikufurahi. Ila jioni nikiwa kwenye daladala nikamkumbuka mama na daftari lake. Wafanyabiashara ni kundi la shinikizo, walimu nao ni kundi la shinikizo tena wana chama kikubwa chenye ofisi kila wilaya. Kwa nini mmoja anasikilizwa siku tatu mwingine anahangaika miaka sita na anapata nusu ya alichoomba? Tunaambiwa makundi haya ndo yanaisaidia demokrasia kati ya uchaguzi na uchaguzi, kwamba ukishapiga kura hubaki umenyamaza miaka mitano. Mimi naona kama yanamsaidia yule mwenye kitu cha kufunga. Asiye na geti la kushusha anafanyaje?

---

Stoo_ya_Nyuma:

Dada pole kwa mama, na hongera kwake pia, miaka 35 ya chaki si mchezo.

Mi ni mmoja wa wale walioshusha mageti, duka letu liko upande wa Mtaa wa Kongo. Naomba nikwambie kitu ambacho kwenye TV hakikuonekana. Zile siku tatu hazikuanza Jumatatu. Barua zilikuwa zimeandikwa sana, vikao vya jumuiya vimekaliwa, viongozi wetu walikuwa wanaingia ofisini wanaambiwa tumelipokea, wanarudi, mwezi unaofuata mambo ni yaleyale. Mimi mwenyewe kuna siku mteja wangu kutoka Lubumbashi, mtu ananunua vitenge kwangu tangu 2011, alisimamishwa mtaani na mzigo kichwani kwa kuli, akaulizwa risiti, risiti anayo ila wanabishana nayo kwamba thamani haiendani na mzigo, yule mtu alikaa pale masaa manne juani. Alipoachiwa akanipigia simu akasema kaka safari ijayo naangalia sehemu nyingine. Nilikaa kwenye kiti sina la kusema. Huyo ndo mgomo wangu ulipoanzia, kwa sababu mteja wa Kongo akihama hahami na vitenge vyangu tu, anahama na nyumba ya wageni aliyolala, mama ntilie, wakala wa mizigo, dereva.

Kwa hiyo unaposema tulisikilizwa kwa sababu tuna geti ni kweli, sibishi, kila siku Kariakoo ikifungwa nchi inaona hasara kabla ya saa sita mchana na nchi jirani zinaona. Lakini usidhani lilikuwa jambo jepesi. Mkopo wa benki haugomi. Na ngoja niwe mkweli zaidi, waliokosa kula siku zile tatu si sisi wenye maduka, ni makuli. Mbeba mzigo wetu mmoja alikaa kwenye mkokoteni wake siku nzima ya pili anaangalia tu. Hakuulizwa na mtu kama anataka mgomo. Hilo linanisumbua mpaka leo kwa kuwa kwenye kipaza sauti pale Mnazi Mmoja sikumsikia kuli hata mmoja.

Halafu ukumbuke ahadi za siku tatu zina tabia ya kuisha. Juni 2024 tulifunga tena, safari ile ikaenda mpaka Mwanza, Mbeya, Arusha na mikoa mingine. Kama tulikuwa tumeshinda 2023 tusingerudi. Kilichokuja kuwa na maana zaidi naona ni ile Tume ya Rais ya kuangalia kodi iliyoundwa baadaye 2024, chini ya Balozi Ombeni Sefue, ambayo ilizunguka kusikiliza watu. Geti linakuingiza chumbani, ila ukishaingia linalosaidia ni hoja na karatasi.

---

Binti_Mwalimu:

Asante kaka, hilo la kuli sikuwahi kulifikiria na nilikuwepo palepale. Na mimi siku zile nililipwa mshahara wangu kama kawaida.

---

Katibu_Tawi_Mstaafu:

Binti, nimekuwa kiongozi wa tawi la chama cha walimu miaka tisa, acha nikujibu upande wa kwetu, nitakuwa mrefu unisamehe.

Kwanza hesabu, kwa sababu watu wengi wanalalamikia kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, hawajawahi kukikokotoa. Chukua mwalimu wa mshahara wa milioni 1 na laki 2, kafanya kazi miaka 35 yaani miezi 420. Kwa mwaka mshahara ni milioni 14.4. Kwa kanuni ya zamani unagawanya miezi 420 kwa 540, unazidisha na hiyo 14.4, unapata 11.2, zidisha na 15.5, chukua nusu, mkupuo ni milioni 86.8. Kwa ile ya 2022 mgawanyo ni 580 badala ya 540, kizidisho ni 12.5 badala ya 15.5, na asilimia ni 33, mkupuo unakuwa milioni 43. Umeona? Watu walikuwa wanapigania asilimia peke yake, 50 dhidi ya 33, kumbe zile namba mbili nyingine zimekula kimyakimya. Na kwa 40% ya sasa ni milioni 52 na kidogo.

Kwa upande wa pili, nisimuonee mtu, pensheni ya kila mwezi ilipanda. Mwalimu huyohuyo zamani angepata kama laki 4 na 67 elfu kwa mwezi, kwa 33% angepata laki 5 na 82, kwa 40% ni laki 5 na 21. Serikali ilikuwa na hoja, kwamba mtu asimalize pesa yote kwa mkupuo akabaki hana kitu uzeeni, na kwamba mifuko ilikuwa inaelemewa. Ila hapo kwenye kuelemewa ndipo roho iliponiuma. PSPF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, haikuelemewa na walimu. Sehemu kubwa ya mzigo ni wale watumishi wa kabla ya 1999 waliolipwa mafao bila serikali kuwa imewachangia, deni likakaa miaka na miaka mpaka 2021 serikali ilipotoa hati fungani ya zaidi ya trilioni 2 kulipunguza. Mwajiri kachelewa kulipa, halafu mwajiriwa anaambiwa apunguziwe. Hiyo hoja tuliisema kwenye vikao lakini hatukuweza kuifanya iwe ya mtaani, kwa kuwa ni ngumu kuielezea kwenye bango la Mei Mosi.

Sasa kwa nini hatukushusha geti. Tulishusha 2012. Julai 30 walimu waligoma nchi nzima, tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikasema mgomo ni batili, tukarudi madarasani. Nakumbuka niliingia darasa la tano wanafunzi wamekaa kimya wananiangalia, mmoja akauliza mwalimu ulikuwa unaumwa? Mwalimu akigoma anayeumia kwanza ni mtoto wa mkulima mwenzake, siyo waziri. Duka likifungwa serikali inakosa kodi leo. Darasa likifungwa hasara itaonekana miaka kumi baadaye na itabebwa na mtu mwingine kabisa. Na sheria za utumishi wa umma zimeweka hatua nyingi za kupita kabla hujagoma kihalali, ukizifuata zote hasira imeshaisha.

La mwisho na hili wenzangu hawatalipenda. Chama chetu kinakata 2% ya mshahara, inakatwa hukohuko kwenye malipo hata kabla hujaiona. Chama kikipata pesa bila kumuomba mwanachama, kinasahau kumsikiliza. Wafanyabiashara wa Kariakoo viongozi wao wanakutana nao mtaani kila asubuhi. Mimi ngazi ya juu niliwaona kwenye mikutano mikuu tu. Nimeyasema haya nikiwa kiongozi, nayasema sasa.

Ila usiseme hatukupata kitu. Toka milioni 43 mpaka 52 ni milioni 9 kwa kila mwalimu wa ngazi hiyo. Hizo hazikuletwa na huruma.

---

Kiti_Moto_Hapana:

Mzee Katibu shikamoo. Hesabu hii ningeipata 2018 ningekuwa nimeshaelewa. Kwa nini chama hakikuandika hivi kwenye ubao wa matangazo wa kila shule?

---

Katibu_Tawi_Mstaafu:

Marahaba. Tuliletewa waraka wa kurasa 11 kwa lugha ya wanasheria. Mimi niliikokotoa mwenyewe kwenye karatasi nikaibandika ofisi ya walimu. Ilikaa siku mbili ikabanduliwa.

---

Msaidizi_wa_Kisheria:

Naomba niingie hapa maana mjadala umekaa upande wa wenye migomo na kuna makundi hayana cha kugomea kabisa. Mtoto wa kike wa miaka 15 atagomea nini?

Mimi ni msaidizi wa kisheria ngazi ya kata, mkoa wa Pwani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana ni 18, na mahakama inaweza kutoa kibali hata kwa miaka 14. Makundi ya wanawake yameipigia kelele hiyo sheria tangu mimi sijaanza kazi. Rebeca Gyumi akaenda mahakamani, Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vile vinapingana na Katiba, serikali ikakata rufaa, Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema hukumu ibaki vilevile na sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukaisha sheria haijarekebishwa. Nilikuwa na nakala ya hukumu kwenye simu, kuna baba mmoja nilimsomea kwake barazani, binti yake yuko ndani ametolewa posa, baba akanisikiliza vizuri tu kisha akaniuliza, sasa mwanangu hiyo sheria imebadilika au bado? Nikamwambia mahakama imesema. Akasema, nimeuliza imebadilika au bado. Unajibu nini hapo wakuu? Nilijibu bado.

Lakini msione kwamba makundi haya hayawezi. TAMWA waliundwa 1987, waandishi wa habari wanawake, wakaanza na jarida la Sauti ya Siti na kuandika habari za ukatili zilizokuwa zinaitwa mambo ya ndani ya familia. Wakaungana na wanasheria na wengine, wakawafuata wabunge, mpaka 1998 ikapatikana sheria ya makosa ya kujamiiana, ile SOSPA. Mwaka uliofuata 1999 zikaja sheria mbili za ardhi, na makundi ya wanawake yalikuwa ndani ya mchakato, ndiyo maana leo mwanamke ana haki sawa ya kumiliki ardhi kisheria, na ukiwa kwenye baraza la ardhi unaona wazee wanashangaa unapowasomea. Kazi ya miaka zaidi ya kumi hiyo, hakuna geti hata moja lililoshushwa.

Na ilikuwa na gharama. BAWATA, Baraza la Wanawake, walikuwa na nguvu sana wakati wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi 1995, walihoji wagombea mambo ya maji, ardhi, afya. 1997 usajili ukafutwa. Zaidi ya miaka kumi baadaye Mahakama Kuu ikaja kusema kufutwa kule kulivunja Katiba, ila hiyo miaka hairudi. Baraza lile lingeendelea kuwepo mimi naamini hata hii Sheria ya Ndoa ingeshaguswa siku nyingi. Kwa hiyo swali lako dada mimi ningeligeuza kidogo. Anayesikilizwa ndiyo, ni mwenye geti, ila pia kuna anayeachwa aishi mpaka asikike. Kundi likifutwa katikati ya safari kazi inaanza upya na watu wapya.

---

Dodoma_Kila_Juni:

Naongezea pale dada alipoishia, mimi nimewahi kwenda Bungeni na kikundi chetu cha wakulima wadogo kutoa maoni kwenye kamati. Niwaambie ninyi mnaoangalia kwenye TV, mambo mengi yanakuwa yameshaamuliwa kabla ya ukumbi mkubwa. Wizara ya Fedha kila mwaka inakusanya mapendekezo ya kodi miezi mingi kabla ya Juni. Wenye viwanda na makampuni wanajua, wana wahasibu na wanasheria, wanapeleka kifungu kimeshaandikwa, kwamba kifungu fulani aya fulani futa neno hili weka hili, na jedwali la serikali itakusanya kiasi gani. Sisi tulifika na barua ya kurasa mbili ya kulalamika, imeandikwa vizuri kwa mkono na katibu wetu. Mwenyekiti wa kamati alitupokea kwa heshima kabisa, akauliza "mnapendekeza kifungu gani kirekebishwe?" tukaangaliana. Hatukuwa hata na nakala ya muswada. Dakika zetu zikaisha.

Sidhani kama wenye viwanda wanakosea, wanatumia mlango uliopo. Shida ni kwamba mlango huo unafunguka kwa lugha ambayo mkulima hakufundishwa, na muswada mara nyingine unakuja kwa haraka mno. 2019 mabadiliko ya sheria yaliyogusa asasi za kiraia yalikuja kwa hati ya dharura mwezi Juni, yakapita mwezi huohuo, watu waliotakiwa kutoa maoni wengine walisikia redioni wakiwa mkoani. Kwa mtindo huo hata mwenye hoja nzuri anabaki na njia moja tu, kupiga kelele baada ya sheria kupita, kama ilivyokuwa kwenye tozo za miamala ya simu 2021. Zile tozo zilianza Julai, kelele za mitandaoni zikawa kubwa, Septemba zikapunguzwa kwa 30%, mwaka uliofuata zikapunguzwa tena. Pale hakukuwa na kundi lililosajiliwa wala mwenyekiti, ni mama muuza samaki na mtu wa bodaboda wanaonyeshana meseji za makato.

---

Mwana_wa_Likoni:

Salaam kutoka Mombasa. Dada Binti Mwalimu, swali lako limenigusa maana kwetu tuliona yote mawili kwa mwezi mmoja.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na ushuru wa kila aina, mkate, magari, mpaka ada ya mazingira iliyokuwa iguse nepi na sodo. Wenye viwanda na mabenki walipeleka maoni yao mbele ya kamati ya fedha ya Bunge, kama alivyosema ndugu wa Dodoma, na vipengee kadhaa vikaondolewa tarehe 18 Juni. Vijana wakasema hapana, hatutaki vipengee, mswada wote uangushwe. Tarehe 25 Juni wabunge 195 wakaupitisha dhidi ya 106, mchana huohuo Bunge likavamiwa, na kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Siku moja! Kwa hesabu yako ya siku tatu na miaka sita, hiyo ni kasi kuliko Kariakoo.

Lakini dada, watu walikufa. Makumi kwa muda wa wiki chache. Mimi siku ile nilikuwa Mombasa mjini, tuliandamana kwa amani kando ya Barabara ya Moi pale kwenye Pembe, msichana mmoja alikuwa anagawa maji ya chupa kwa waandamanaji na kwa polisi pia. Jioni kufika nyumbani nafungua simu naona za Nairobi, nikazima. Sitaki kamwe mtu aniambie kuwa ile ndiyo njia. Kama sauti ya mwananchi haisikiki mpaka damu imwagike basi milango mingine yote imekwama.

Katiba yetu ya 2010 imeandika wazi kuwa Bunge lazima lishirikishe umma, na watu wa kawaida wanaitumia mahakamani. Mwanaharakati Okiya Omtatah na wenzake walipinga Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha Julai 2024, moja ya sababu ni hilo la ushirikishaji wa umma, ingawa Mahakama ya Upeo baadaye mwezi wa Oktoba ikaigeuza hukumu ile. Ulishinda au ulishindwa, ulikuwa na mahali pa kusimama. Mimi nadhani mwalimu wenu angekuwa na kifungu kama hicho cha kushikilia asingengoja miaka sita.

---

Stoo_ya_Nyuma:

Ndugu wa Likoni pole sana kwa mliopoteza. Huku tuliangalia tukiwa tumeshika vifua.

---

Raia_wa_Kawaida:

Mimi nina wasiwasi tofauti kidogo na wenzangu. Tunazungumza kama kila kundi likisikilizwa ni ushindi wa demokrasia. Nani aliwachagua? Mbunge nilimpigia kura, nikichukia namtoa. Mwenyekiti wa jumuiya ya wafanyabiashara mimi simjui, kiongozi wa asasi simjui, askofu naye sikumpigia kura. Wafanyabiashara wakishinda kwenye kodi pesa ile itatafutwa kwingine, pengine kwenye sukari ninayonunua mimi.

---

Msaidizi_wa_Kisheria:

Ndugu hoja yako ni ya kweli na nisingependa ipite hivihivi. Lakini angalia lile la bandari 2023. Bunge lilipitisha azimio la makubaliano na Dubai tarehe 10 Juni kwa kauli moja hivi, wabunge uliowapigia kura. Wanasheria wakaenda Mahakama Kuu Mbeya wakashindwa Agosti, Maaskofu Katoliki wakatoa tamko lao tarehe 18 Agosti, wazee, vyama vya upinzani, watu mitandaoni. Serikali haikurudi nyuma, Oktoba mikataba ikasainiwa Dodoma. Ila mikataba iliyosainiwa ilitaja magati ya kuanzia namba 4 mpaka 7 na muda wa miaka 30, wakati hofu kubwa ya watu ilikuwa kwamba makubaliano hayana ukomo. Mimi siwezi kuingia kwenye vichwa vya waliosaini, ila naamini zile kelele zilikuwa mezani siku ile. Maswali ya muda na mipaka ndani ya Bunge yalikuwa machache mno. Nani aliwachagua waliouliza? Hakuna. Ila wangenyamaza nani angeuliza?

---

Raia_wa_Kawaida:

Hapo nakubali nusu. Basi tuwatake nao waseme pesa zao zinatoka wapi na wanaongea kwa niaba ya nani.

---

Msaidizi_wa_Kisheria:

Hilo sina ubishi nalo hata kidogo. Sisi daftari letu la michango liko wazi ofisini, anayetaka aje asome.

---

Binti_Mwalimu:

Jamani nawashukuru sana. Jana usiku nimemsomea mama uzi wote, tulikuwa jikoni anachambua mchele. Alipofika kwenye hesabu ya Mzee Katibu akaniambia simama, akaenda kuchukua daftari, akarudia kukokotoa mwenyewe kwa kalamu, ile ya 540 na ile ya 580. Akakaa kimya muda. Akasema hiki cha kizidisho hakuna mtu aliyewahi kutuambia, sisi tulikuwa tunagombania asilimia.

Halafu ameuliza swali na kanituma nililete hapa kwa Mzee Katibu. Anasema mwezi alioacha kukatwa ile 2% ndo mwezi alioacha kuitwa kwenye kikao. Kikokotoo kinamhusu zaidi sasa hivi kuliko wakati wowote wa maisha yake, na sasa hivi ndo hana chama. Je, mstaafu anaongea kupitia nani?

---

Katibu_Tawi_Mstaafu:

Mwambie mama nimesoma swali lake mara tatu. Mimi mwenyewe nimestaafu 2021 na sijaitwa kikao hata kimoja tangu hapo.

Kwetu huku tuko wastaafu 23 wa kata moja, tunakutana Jumamosi ya mwanzo wa mwezi, tulianza kwa ajili ya misiba na kusaidiana matibabu tu. Jumamosi hii nitapeleka hilo swali lake kama ajenda. Na ndugu wa Dodoma kama unasoma, naomba unitumie ule mpangilio wa kuandika pendekezo la kifungu, wa futa neno hili weka hili. Mapendekezo ya bajeti yanakusanywa mapema, tukianza sasa tunawahi. Mama aniandikie zile hesabu zake nne kwa mwandiko wake, pamoja na mistari aliyokata, nitazipiga picha niziambatanishe.

---

Dodoma_Kila_Juni:

Nipo Mzee, nakutumia leo usiku. Na safari hii mchukue nakala ya sheria mapema.